Kujifunza Kuanguka

Jumapili, 2 Machi 2025

Kuanzia hapa kwetu Tumati mpaka Balangdalalu hakuna mtu mwenye kipaji kunizidi, na waliokufa nimewahesabu humo humo. Nikikohoa kama padre, watu wanavua kofia. Nikilia kama ndama, ng'ombe wa jirani wanashusha maziwa. Nilipokuwa kidato cha pili nilisimama nje ya dirisha nikatoa sauti ya mwalimu mkuu, darasa zima likapiga magoti kwa kipindi kizima, na mwalimu mkuu mwenyewe alipofika akakosa la kusema kwa sababu nilikuwa nimeshalisema. Hapo ndipo shule na mimi tulipoachana. Watu wanasema nilifukuzwa. Mimi nasema shule ilizidiwa.

Naanza kuandika leo kwa sababu staa lazima awe na kumbukumbu. Lameck wa bodaboda ameleta habari kutoka Dongobesh: kuna kundi la maigizo la Babati, lile ambalo waigizaji wake wanalipwa mshahara kama walimu, linakuja kutafuta mtu mmoja wa kuingia kwenye kichekesho chao kipya. Kinaitwa Baba Hataki. Mzee hataki binti yake aolewe, kwa hiyo kila washenga wakifika anaanguka na kujifanya anakata roho. Wanatafuta mtu wa huku, anayewajua wazee wa huku. Atakayepatikana atazunguka nao mkoa mzima kwa mkataba wa mwaka.

Nilipomwambia mama, alisema, "Mvua haijanyesha, shamba halijalimwa, na wewe unataka kwenda kuanguka mbele za watu?"

"Nitaanguka vizuri, mama."

"Kuanguka hakuna uzuri."

Atajuta. Usaili wa kwanza ni tarehe kumi na tano.

Jumanne, 4 Machi

Hakuna mvua. Nimefanya mazoezi ya uzee tangu asubuhi. Mbwa wetu amenibwekea kama mgeni. Dalili njema.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimepata mwalimu. Mzee Akonaay, jirani yetu wa juu kidogo, anaishi na binti yake Verediana. Ndiye anayeanza slufay, maombi yetu ya baraka, wazee wakikutana: yeye anatoa mstari, wengine wanauitikia kwa kuguna pamoja mpaka unahisi mgongo wako unatetemeka. Nilimkuta kwenye kigoda, anachagua mbegu za vitunguu saumu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nimesikia unataka kuwa mimi."

"Nataka kuwa mzee tu, babu. Siyo lazima wewe."

"Wazee wengine hapa hawana sura ya kuangaliwa. Nisaidie nisimame."

Nikampa mkono. Akasimama, akapiga hatua moja, akashika kifua, akaanguka puu kwenye majani ya ng'ombe. Nilipiga kelele ambayo sitaki mtu yeyote anikumbushe. Watu walikuja mbio, wengine na mapanga, wakidhani ni fisi. Mzee akafungua jicho moja, akasema, "Mmeona? Hivyo ndivyo wanavyofanya."

Walicheka mpaka jirani mmoja akakaa chini. Mimi, Bura, nimechekwa!

Kisha akaniwekea sheria. "Kila nikianguka, ukiniuliza kama ni kweli, nimeshinda mimi. Usipouliza, umeshinda wewe. Mwigizaji gani anauliza?"

Jumapili, 9 Machi

Ameshinda tena. Safari hii alianguka kimya kimya akiwa katikati ya kusimulia. Nikauliza, "Babu? Babu, ni kweli?" Kumbe anacheka tumboni. Shangazi Verediana alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba, wewe una presha. Mtu mwenye presha hachezi na ardhi. Na dawa za jana umezificha wapi?"

"Zinanikojoza."

"Na wewe Bura, huna kwenu?"

"Ninako, shangazi. Ila kwetu hakuna msanii."

Mzee akacheka mpaka akashika kichwa.

Jumatano, 12 Machi

Bado hakuna mvua. Siku hizi watu wanaangalia angani kwa macho mawili. Jicho moja linaiomba mvua, la pili linakumbuka tope lililoshuka mlimani na kufukia watu Katesh ile Desemba. Mzee ameanguka mara mbili, mara zote mbili sikuuliza. Mbili kwa mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Ukumbi wa Dongobesh ulijaa. Watu walikuja hata kutoka Balangdalalu na Haydom, wengine wamepaka unga kwenye nywele ili wawe wazee. Mimi sikupaka kitu. Mwongozaji ni dada mmoja mfupi anaitwa Evelyne, mtu wa Morogoro, hacheki. Amekaa mbele na kalamu, anakuangalia kama anayepima ng'ombe mnadani.

Nilipotoa sauti ya Mzee Akonaay, wale akina mama wanaofagia ukumbi waliinuka na kusema shikamoo. Wallahi. Evelyne akainua uso.

"Umejifunza wapi?"

"Nimezaliwa nayo, dada."

"Ukirudi, rudi na ukweli kidogo."

Tumebaki watano. Yupo mmoja anaitwa Modest, amemaliza kidato cha sita, anaongea kama taarifa ya habari. Namhurumia.

Jumanne, 18 Machi

Mvua imeanza usiku, imekuja kwa hasira. Ukungu umekaa juu ya nyumba mpaka saa sita mchana, ng'ombe wamekataa kutoka.

Mzee alinifundisha maneno yake. Siyo ya kwenye mchezo, yake mwenyewe. Alifumba macho akasema, "Mvua ije na miguu ya mtoto, isije na miguu ya fahali. Njia ya nyumba hii isiote majani. Anayetoka arudi, na anayerudi akute moto." Mimi nikaguna peke yangu, kama wanavyoguna wazee. Paa linagongwa na mvua. Nilisikia kitu shingoni, sijui baridi.

"Haya usiyapeleke ukumbini," alisema. "Sauti chukua. Maneno haya niachie."

Nikasema ndiyo, babu. Nimeshayashika yote. Kichwa changu hakina mlango wa kutokea.

Jumamosi, 22 Machi

Mzee ameongeza ujanja. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, mkono ukakiachia taratibu, kama mtu aliyesahau kwamba ameshika. Kisha mdomo ukapinda upande mmoja alipokuwa anacheka. Dakika chache tu, ukarudi. Nimeuchukua huo mdomo, nimeufanyia mazoezi mbele ya kioo cha pikipiki ya Lameck. Lameck akasema, "Acha, unatisha."

Hajui sanaa.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua. Palizi. Mvua.

Jumatano, 26 Machi

Leo aliniita Yonas. Yonas alikuwa mwanawe, alifariki mimi sijazaliwa. "Yonas, umefunga ndama?" Nikajibu, "Nimefunga, baba." Tukaendelea hivyo muda mrefu, yeye anauliza, mimi ni Yonas, hata sikucheka. Mzee anaigiza kwa kiwango ambacho Modest hatakiona mpaka kaburini.

Nilipotoka Verediana alinifuata mpaka kwenye uzio, mvua inamlowesha.

"Akiwa na wewe anakuwaje? Analalamika kichwa?"

"Mzima kabisa, shangazi. Ananishinda mimi."

Kwa kweli analalamika. Anasema kichwa kinanguruma kama mawe yanayoviringishwa na mto. Lakini Verediana akisikia hilo atafunga darasa, na Jumamosi ni usaili wa pili.

Jumamosi, 29 Machi

Tumebaki wawili. Mimi na Modest.

Lakini nimeudhika. Nilifanya kila kitu: kikombe, mdomo, sauti. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Evelyne alisubiri kicheko kiishe, akanisogelea, akasema taratibu, "Wewe una kipaji, Bura. Ila unaanguka kama kijana. Unaiangalia ardhi kabla hujafika. Mtu anayeanguka kweli haiangalii ardhi, kwa sababu hajui kama anakwenda huko."

"Si anajifanya, dada? Mzee wa kwenye mchezo anajifanya."

"Ndiyo. Na ili tucheke, lazima binti yake aamini. Sasa hivi hata mimi siamini. Nenda ukajifunze kuanguka. Jumamosi ijayo naamua."

Jumapili, 30 Machi

Nilimwambia mzee. Tulianguka wote wawili asubuhi nzima juu ya majani, Verediana akiwa kanisani. Mzee alichafuka kama mtoto.

"Hata mimi naiangalia," alisema mwishoni, anahema. "Ona! Miaka yote hii nilidhani siiangalii."

Macho yake yalikuwa mekundu. Mishipa ya hapa kwenye paji la uso inacheza.

Alhamisi, 3 Aprili

Daraja dogo la kwenda Dongobesh maji yamepita juu. Lameck anasema tutapita tu. Mzee hakutoka ndani leo. Nilimsalimia dirishani, akainua mkono wa kushoto.

Jumamosi, 5 Aprili

NIMEPATA! Naandika nikiwa Dongobesh kwa mama lishe, wali na maharage mbele yangu, na watu wanaanza kuninyooshea vidole.

Asubuhi nilipita kwa Mzee Akonaay kabla ya safari. Verediana alikuwa ameenda mashineni kusaga. Mzee alikuwa amesimama karibu na zizi peke yake, ukungu umemfunika mpaka magotini. Nikamwamkia. Akaanguka. Anguko jipya kabisa, na hakuiangalia ardhi hata kidogo. Nilitazama kila kitu, kuanzia kisigino mpaka kope. Sikuuliza. Nikampigia makofi, nikapanda pikipiki, tukaondoka. Ushindi ni wangu.

Ukumbini Modest alitangulia. Alianguka kama gunia lililosoma. Kisha mimi. Nilipoanguka, ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu ndipo kicheko kikapasuka. Evelyne hakucheka. Alisimama.

"Hilo umelitoa wapi?"

"Kwa mwalimu wangu."

"Mwambie mwalimu wako ametisha."

Modest alinipa mkono. Roho safi, yule jamaa, lazima niandike. Nimemnunulia mzee kilo mbili za sukari. Onyesho la kwanza ni hapa hapa Dongobesh, Jumatatu ya Pasaka.

Jumapili, 6 Aprili

Sukari iko mezani.

Jumanne, 8 Aprili

Wamempeleka hospitali tangu Jumamosi. Verediana alirudi kutoka mashineni akamkuta chini karibu na zizi, amelowa, ng'ombe wamemzunguka. Hawakuwa wanakula. Walikuwa wamesimama tu. Gari halikupatikana mpaka mchana kwa sababu ya lile daraja.

Daktari amesema ni mshipa wa kichwani. Upande wa kulia umekufa. Kuzungumza hakuna. Amesema kwenye ugonjwa huu kila saa ina kazi yake, na saa za mwanzo zilipotea.

Lameck aliniangalia. Nikamwambia, "Nilimwacha mzima."

"Nilikuwa barabarani, sikuona," alisema. "Nilisikia makofi."

"Alikuwa ananiombea. Nikamshangilia."

Akawasha pikipiki.

Ijumaa, 11 Aprili

Mazoezi na kundi. Nimewachekesha wote. Evelyne ananiita mwalimu.

Jumapili, 13 Aprili. Matawi

Mzee amerudishwa nyumbani. Baada ya misa majirani walikwenda wote, nami mama alinishika mkono kama mtoto. Amelazwa chumba cha mbele. Ni yeye, lakini kama amevalishwa na mtu asiyejua kuvalisha. Mdomo umepinda, na safari hii haurudi. Jicho la kushoto liko hai. Lilinipata nilipoingia mlangoni, halikuniacha tena.

Mzee Gidahosh, ambaye huwa anaitikia slufay za Akonaay, alikohoa akasema, "Mdomo uliobariki vijiji vinne umefungwa. Neno lake la mwisho limebaki kwa nani? Neno la mtu kama huyu halipotei njiani. Alilisikia nani?"

Watu wakageuka. Mama akageuka. Verediana alikuwa amekaa chini karibu na kitanda, ameushika ule mkono uliokufa.

"Lameck amesema wewe ulipita asubuhi ile," aliniambia. "Alikuwaje?"

"Amekaa kwenye kigoda, shangazi."

"Alisema nini? Niambie tu, Bura. Mimi nilitoka bila kumuaga, nilidhani amelala."

Ningesema hakusema kitu. Lakini walivyoniangalia wote, naapa, ilikuwa kama taa za ukumbini. Nikafumba macho. Nikatoa sauti yake.

"Mvua ije na miguu ya mtoto, isije na miguu ya fahali. Njia ya nyumba hii isiote majani. Anayetoka arudi, na anayerudi akute moto."

Wakaguna wote kwa pamoja. Nyumba ilitetemeka. Verediana alilia, akainamia ule mkono akaubusu. "Ni yeye," alisema, "ni baba kabisa." Gidahosh alinishika kichwa.

Nilipofumbua macho, lile jicho la kushoto lilikuwa linaniangalia. Kifua chake kilipanda, koo likacheza, ikatoka sauti kama ya mlango usiofunguka. Verediana akasema, "Mnaona? Anakubali."

Jumanne, 15 Aprili

Jirani mmoja ng'ombe wake hazai. Amekuja kuomba nimsemee "kwa sauti ya mzee". Nimesema. Ameniachia maziwa. Mama hakuyanywa.

Jumatano, 16 Aprili

Verediana ameniomba niwe napita jioni niseme maneno yale, kwa sababu nyumba imenyamaza mno. Nimekwenda. Nilisema nikiwa nimeangalia ukuta.

"Mbona humtazami usoni?" mama aliniuliza njiani.

"Ninahofia kulia."

"Tangu lini?"

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Mvua haijapumzika tangu jana. Nyuma ya nyumba yetu ardhi inatoa sauti ya kunywa. Sikwenda kwa mzee. Nilimsikia usiku, ile sauti ya mlango. Haiwezekani kusikika kutoka kule. Nilisikia.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Tumati nzima walikuja. Walikodi lori. Mbele kabisa alikaa Gidahosh na koti lake la harusi, na pembeni yake Verediana, kitambaa kipya kichwani. Amemwacha mzee na mama yangu kwa siku moja, ili aje asikie sauti ya baba yake ikichekesha watu. Alisema hivyo mwenyewe nyuma ya jukwaa, akanipa yai la kuchemsha.

Tulianza. Neno la kwanza tu nilipolitoa, wa Tumati wakapiga mayowe: "Akonaay! Huyo ni Akonaay!" Walicheka kwa furaha, kama waliorudishiwa kitu. Nilimwona Verediana anacheka huku anafuta macho. Evelyne pembeni ya pazia alinionyesha dole gumba. Sijawahi kuwa mkubwa kama nilivyokuwa pale.

Washenga wakaingia. Nikaanguka lile anguko.

Mguu wa kulia unatangulia kukosa nguvu, unakunjika chini ya mwili. Mkono wa kulia unabaki tumboni, umelaliwa. Shavu linatua upande, na mkono wa kushoto unanyooka mbele, vidole vinakwaruza kama vinatafuta kitu ardhini. Ukumbi ulilipuka. Nikabaki chini, nakwaruza mbao, nasubiri kicheko kipungue ili nijibu.

Kilipopungua, mtu mmoja alikuwa amesimama. Verediana. Hakuwa anacheka wala kulia. Aliuangalia mguu uliokunjika, kisha mkono uliolaliwa, kisha vidole vyangu. Yeye ndiye aliyemkuta mzee chini asubuhi ile, kwa hiyo alijua mzee alilala vipi. Na mimi niliwaambia nilimwacha amekaa kwenye kigoda.

Alimwambia Gidahosh neno moja. Gidahosh akaacha kutabasamu. Walitoka. Wa Tumati wakawafuata, safu kwa safu, na waliobaki walidhani ni sehemu ya mchezo, wakacheka zaidi.

Jumanne, 22 Aprili

Kundi linaondoka kesho kwenda Katesh. Evelyne anasema onyesho lilikuwa bora kuliko yote aliyowahi kuongoza. Modest, ambaye wamempa kazi ya taa, ameniuliza kama naumwa.

Jumatano, 23 Aprili

Alfajiri Verediana alikuja kwetu. Hakuingia. Alisimama kwenye matone ya paa, nami nikatoka.

"Shikamoo, shangazi."

Hakuitikia.

"Ulimwona akianguka."

"Nilidhani anacheza. Si unajua mchezo wetu, shangazi? Sheria ilikuwa nisiulize. Alinidanganya mara nyingi, nikachekwa, safari hii nikasema..."

"Ulidhani."

"Nilidhani."

Akajifuta mvua usoni. "Yale maneno ya mwisho, aliyasema?"

Nikaangalia matone ya paa.

"Basi usije tena," alisema. "Tutakaa na ukimya wake mwenyewe." Akapandisha njia, miguu inazama kwenye tope.

Lameck anakuja kunichukua. Mama ameniwekea nguo kwenye mfuko. Nimerudi kusoma nilichoandika tarehe tano na ni uongo, siyo kwa kilichoandikwa, kwa kilichorukwa. Kwa hiyo naandika sasa.

Sikudhani. Aliponiona mzee alitaka kuinua mkono aitikie shikamoo yangu, haukuinuka. Alipokuwa chini aliniita kwa jina langu, akaniuliza, "Bura, mkono wangu uko wapi?" Sauti ilikuwa ya mtoto. Hakuna mtu anayeweza kuigiza sauti ile, na mimi ndiye ninayejua, kwa sababu nimeijaribu kila siku tangu hapo na haitoki. Nilijua ni kweli. Nilijua Verediana yuko mashineni, siyo mbali, na nikipiga ukelele angesikia. Lameck akapiga honi. Mzee akafungua mdomo aniulize tena, nami nikapiga makofi kwa nguvu ili nisimsikie.